Hakuna Atakayekukatiza

Asubuhi ile kiti cha mteja kilikuwa na joto.

Mtafiti aligundua kwa bahati tu, alipokishika ili akisogeze karibu na kipaza sauti. Kilikuwa kiti cha kawaida, sponji iliyovikwa ngozi ya plastiki ya buluu, mikono yake ya mbao imeng'aa kwa kushikwashikwa na watu wenye wasiwasi. Kliniki ilikuwa bado haijafunguliwa. Chumba cha tatu alikifunga mwenyewe jana yake, na sasa hivi alikuwa amekifungua mwenyewe, wala hakikuwa na dirisha la nje. Lakini sponji ilikuwa imebonyea katikati, na alipoitazama ilianza kuinuka taratibu, ikivuta pumzi, fyuuu, vile inavyofanya mtu mzima anapotoka kuikalia. Hapo hapo pua yake ikanasa harufu ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka.

Alitoka akamfuata mlinzi getini.

"Mzee, nani kalala chumba cha tatu?"

"Alale nani, mwanangu? Mimi nalala benchi hili hili, muulize mgongo wangu." Kisha mzee akajishtukia. "Yaani, silali. Nakesha."

Wakacheka, mambo yakaishia hapo. Mtafiti alikuwa na kazi nyingi kuliko kufuatilia joto la kiti.

Kliniki ile ilikuwa ya chuo. Wanafunzi wa ushauri nasaha walijifunza kazi kwa watu wenye shida za kweli, huku wakubwa wao wakiwatazama kutoka chumba cha nyuma. Ukutani palikuwa na kioo kipana. Mteja alikiona kama kioo cha kujitazamia, lakini kwa wale waliokaa nyuma yake gizani kilikuwa dirisha. Wateja waliambiwa mapema na wakakubali, kwa sababu mtu aliyeelemewa hukubali mengi ili asikilizwe bure.

Mtafiti alikuwa anamalizia shahada ya uzamivu. Wanafunzi walimwita Dada Takwimu, wakidai kwamba ukimsalimia anataka kwanza kujua wangapi wengine wamemsalimia. Swali la utafiti wake lilikuwa dogo. Mwanafunzi mgeni hutetemeka anapompokea mteja, anakosea maneno, mteja naye anajifunga. Je, akifanya mazoezi ya maneno ya kumpokea, peke yake, mbele ya kiti kitupu, wateja wake watapata nafuu upesi? Nusu ya wanafunzi wakafanya mazoezi hayo kila asubuhi katika chumba cha tatu, na humo humo wakaonana na wateja wao. Nusu nyingine wakaendelea kutetemeka katika vyumba vingine.

Maneno yalikuwa yale yale kwa wote, bila kuongeza wala kupunguza, maana katika utafiti neno moja la nyongeza huharibu kipimo. Mwanafunzi aliingia, akakaa, akakitazama kiti cha buluu kama vile kina mtu, akasema: "Karibu. Kiti hiki ni chako. Ulichokibeba kilete hapa, kitapokelewa chote. Hakuna atakayekukatiza." Kisha kengele ikalia, naye akanyanyuka akatoka. Hakuna aliyeaga. Mtafiti alikuwa ameandika pia maneno ya kuagana, lakini Profesa, msimamizi wake, aliyafuta kwa kalamu.

"Sisi tunapima mwanzo, binti. Mwisho atapima mwingine."

Ile sentensi ya mwisho, ya kutokatizwa, mtafiti hakuitoa kitabuni. Aliitoa nyumbani kwao.

Aliishi na mama yake, wawili tu tangu mdogo wake alipokufa barabarani. Mdogo wake alikuwa kinyozi, mcheshi, mtu wa kumfanya mteja akubali upara akidhani ni mtindo mpya. Kila alfajiri tangu msiba ule, mama aliichomeka ukutani mashine ya kunyolea ya marehemu, akaiacha ingurume kwenye kiganja chake, akiisikiliza. Binti yake aliamka na mngurumo huo. Akiwa na habari yoyote, ya kufaulu au ya kuumwa, mama aliidaka katikati na kuipeleka kulekule.

"Mama, leo Profesa kaisifu sura yangu ya tatu mbele ya..."

"Mdogo wako angefurahi huyo! Unakumbuka alivyokunyoa ulipofaulu? Akakukwangua mpaka sikio, mjinga yule." Mama akacheka, halafu akalia, chai ikapoa mezani, na sura ya tatu haikutajwa tena.

Alimpenda mama yake. Alimpenda pia mdogo wake, Mungu ni shahidi. Lakini ilimuuma, tena ilimuuma kwa uchungu wa mtoto mdogo anayevuta nguo ya mzazi bila kugeukiwa, kwamba katika nyumba ile aliyekufa ndiye aliyekuwa akizungumziwa, na aliye hai alikuwa mpita njia. Alitaka mama apone. Alitaka siku moja tu aseme jambo lake mpaka mwisho.

Aliyefuata kugundua kasoro alikuwa mwanafunzi waliyemwita Kicheko. Binti huyo alichekea kila kitu; aliwahi kucheka kwenye mtihani wa mdomo, na maprofesa wakajikuta wanacheka naye bila kujua sababu. Asubuhi moja mtafiti alikuwa chumba cha nyuma, hedifoni masikioni, akimtazama kupitia kioo. Kicheko akayasema maneno yote vizuri mpaka mwisho.

"Hakuna atakayekukatiza."

"Hakuna atakayenikatiza," ikajibu sauti katika hedifoni.

Ilikuwa ya chini, wala si ya kiume wala si ya kike, na ilisema kwa upole uleule wanaofundishwa wanafunzi: rudia maneno ya mteja, usihukumu, mwoneshe umemsikia. Kicheko akageukia kioo akiwa ametoa macho, halafu, kama kawaida yake, akacheka.

"Dada Takwimu! Ndo nini kunitisha hivyo? Umejificha kwenye kipaza?"

Mtafiti hakuwa amefungua mdomo. Akavua hedifoni, akakagua nyaya moja moja. Kengele ikalia. Kicheko hakutoka. Mtafiti alipovaa tena hedifoni alimkuta anazungumza taratibu, amekiinamia kiti kitupu, anasimulia habari za bibi yake aliyemlea, alivyougua, na yeye alivyokuwa akicheka wodini ili bibi asiogope.

"Ulikuwa unacheka ili asiogope," ikasema ile sauti.

"Ndiyo," Kicheko akanong'ona. "Na mimi ndiye niliyekuwa naogopa."

"Wewe ndiye uliyekuwa unaogopa."

Alitoka baadaye sana, uso umetulia. "Mwepesi, Dada," alisema. "Najihisi mwepesi kabisa." Tangu siku ile hakuna mtu aliyemsikia akicheka.

Baada ya hapo matokeo yakaanza kupanda. Wateja wa chumba cha tatu walipona kuliko wa vyumba vingine vyote, walipona mpaka ikatia shaka. Palikuwa na seremala mmoja wa makamo aliyefiwa na mkewe. Kila wiki alikuja akiwa ameikunja kofia yake mkononi, akalia mpaka mwanafunzi wake naye akalia, kinyume cha mafunzo. Sasa alikaa kwenye kiti cha buluu wima, macho makavu.

"Wiki hii umemkumbuka mkeo?" mwanafunzi akamuuliza.

Seremala akafikiri, kama mtu aliyeulizwa aliiweka wapi nyundo. "Ndiyo, nilikuwa na mke," akasema.

Nyuma ya kioo, Profesa alisugua viganja. "Umeona? Umeona, binti? Kazi hii itasomwa na kila chuo. Usiguse kitu. Usihamishe hata meza."

"Profesa, kuna kitu ndani ya kile chumba. Kuna sauti. Na Kicheko simwelewi."

"Sauti ni nyaya. Na Kicheko amekomaa, ndicho tulichomleta afanye." Akashusha sauti, ijapokuwa walikuwa wawili tu. "Mtu akipata bahati hachunguzi imetoka wapi."

Mtafiti akaandika alama za seremala. Alijua, na asingeweza kusema baadaye kwamba hakujua. Aliona sponji ikibonyea kabla mteja hajakaa. Alisikia, chini ya sauti ya kila mwanafunzi, sauti ya pili ikirudia maneno. Ile harufu ya nguo mbichi ilishahamia kwenye nywele zake. Lakini alimwona pia seremala akivaa kofia na kwenda zake bila machozi, akamfikiria mama yake na ile mashine ya alfajiri, na wazo likaingia taratibu na kukaa: kama huyo wa kwenye kiti anapokea vya wote, basi apokee na cha mama.

Kanuni zilikataza. Ndugu wa mtafiti haingii kwenye utafiti, hata kwa kukaa tu. Akigundulika, kazi yote inatupwa. Kwa hiyo akamleta Jumamosi mchana, kliniki imefungwa, mlinzi ametumwa sokoni.

"Sasa humu naongea na nani?" mama akauliza, akikipapasa kiti cha buluu. "Na ukuta? Na mbona kiti kina joto, mlikuwa mnakipasha?"

"Kaa tu, Mama. Mimi nipo nyuma ya kioo nakusikiliza."

"Wewe unisikilize? Wewe tangu lini?" Lakini akakaa, akatengeneza nguo yake magotini. "Mdogo wako alikuwa anasikiliza, yule. Kinyozi lazima asikilize."

Maneno hayo yakamchoma mtafiti mahali palepale pa siku zote. Akasimama mlangoni akayasema maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, yote, kuanzia karibu mpaka hakuna atakayekukatiza, akafunga mlango.

Nyuma alikuwa amewasha taa ya mezani ili aandike. Akavaa hedifoni. Mama alianza kwa kulalamika, joto, goti, jirani anayetupa maji machafu, na kama kawaida akapinda kona akafika kwa marehemu. Sauti ikamjibu. Haikutoka ng'ambo ya meza, mahali pa mshauri; ilitoka palepale alipokaa mama, karibu na mdomo wake, kama watu wawili waliogawana kiti kimoja.

"Alikuwa anapenda kuimba akinyoa," mama alisema.

"Alikuwa anapenda kuimba."

"Wimbo mmoja tu, tena anaukosea."

"Unakumbuka wimbo wenyewe."

Mama akauimba. Mtafiti aliutambua, akajikuta analengwa na machozi, na ni hapo alipoona kwamba chumba kile kinafifia, taa ya ndani inanywea kidogo kidogo bila kuzimika, mama anazidi kuwa kivuli, kiti kinazidi kuwa kivuli, mpaka kioo kikageuka, kile kioo ambacho upande wake kilikuwa dirisha siku zote, kikawa kioo cha kujitazamia, naye akabaki anautazama uso wake mwenyewe uliomulikwa na taa ya mezani, hedifoni masikioni, mdomo wazi, wakati masikioni mama anaendelea kutoa kimoja baada ya kingine, jino la kwanza la mtoto, homa ya usiku fulani, viatu vya shule vilivyopishana miguu, sauti inarudia na mama anatoa, inarudia na anatoa, na kila kitu kinachorudiwa hakitajwi tena. Aliupiga ukuta kwa ngumi. Aliita. Katika hedifoni wimbo ukaanza upya, sasa unaimbwa na ile sauti peke yake, bila kukosea hata neno.

Alipofika mlangoni mama alikuwa ameshasimama, anajinyoosha.

"Twende nyumbani," mama akasema. "Nina njaa."

Jioni ile mama alikula vizuri. Hakulia, hakucheka, hakumlaani jirani. Alipokuwa anapanguza kabati aliishika picha ya watoto wake wawili, akaigeuza kwenye mwanga.

"Huyu kijana aliyepiga picha na wewe ni nani?"

"Mama, acha utani."

"Utani gani?" Akairudisha picha kabatini kwa adabu, kama mali ya mgeni.

Alfajiri hapakuwa na mngurumo. Mtafiti alilala macho kuusubiri ule mngurumo aliouchukia, mpaka jua likatoka. Alipouliza, mama alisema mashine amempa mtoto wa jirani, ilikuwa inakaa bure. Akarudi kukaa mikono mapajani, anatazama mbele. Binti akajaribu: akamweleza habari ya tasnifu, akamweleza habari ya kazi. Mama hakumkatiza. Lakini hakumsikia pia. Maneno yalimpita kama upepo unavyopita kwenye nyumba isiyo na milango. Mtafiti aliingia chooni, akafungua maji ili asisikike, akalia kwa hasira na majuto, kwa sababu alikuwa ametaka mama apungukiwe huzuni, naye sasa hakuwa na mama.

Kilichomgeuza Profesa ni Kicheko. Binti huyo alishuka ukingo wa barabara mbele ya kliniki, gari linakuja, analiona, na wala hakukimbia. Dereva alijitahidi, lakini mguu wa Kicheko ukavunjika mahali pawili. Walipomuuliza hospitali kwa nini hakukwepa, alisema, "Sikuogopa. Nilitafuta woga, nikaukosa." Hapo Profesa wa saikolojia, aliyeandika kurasa mia za kukanusha mashetani, akampigia simu mganga, akamwelekeza apitie mlango wa jikoni.

Mganga alikuja na gari zuri na simu mbili. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye maringo kidogo, anayetaka ijulikane kwamba ana kazi nyingine mbili siku hiyo. Lakini alipovuka kizingiti cha chumba cha tatu alizima simu zote.

"Huyu hakuvamia," alisema kwa sauti ya chini. "Amekaribishwa. Tena kila siku, tena kwa adabu. Nani kamkaribisha?"

Wanafunzi wakatazamana. Profesa akakohoa. "Ni utaratibu wa utafiti."

"Na utaratibu wa kumuaga?"

Mtafiti alimtazama Profesa, Profesa akatazama viatu vyake.

Mganga akachuchumaa mbele ya kiti cha buluu. "Umekuja kutafuta nini?"

Sponji ikashuka polepole. Harufu ikajaa chumba kizima.

"Waliniambia nilete nilichokibeba," ikasema sauti, kwa upole wa mshauri. "Nilibeba njaa. Wakaipokea."

Mwanafunzi mmoja alianza kusali kwa kunong'ona. Mganga akasimama, jasho linamtoka. Akaeleza kwa haraka na kwa uwazi: kila aliyeongea na mgeni huyu atajwe kwa jina, awepo humu au asiwepo, na waliomkaribisha wamuage mgeni kwa kila jina. Kila anayetajwa anarudishiwa chake, na mlango wa mgeni kwake unafungwa.

"Sikilizeni vizuri. Huyu hatoki akaenda hewani. Anatoka akaenda kwa mtu. Mkimwacha mmoja bila kumtaja, mmempa nyumba, tena huko sitamfuata, maana hatakuwa mgeni tena. Atakuwa mwenyeji. Haya, tajeni."

Wakataja. Wanafunzi wakajitaja, wakawataja wateja wao. Seremala alikuwepo, ameketi pembeni na kofia kichwani, ameletwa bila kujua kwa nini. Kicheko alikuwepo na magongo yake. Kwa kila jina wakasema pamoja, "Umesikilizwa, sasa nenda," na kwa kila jina sponji ikapanda kidogo.

"Wamekwisha?" mganga akauliza.

Mtafiti alifungua mdomo. Profesa alikuwa amesimama bega kwa bega naye, pumzi yake inamfikia shingoni. Kutamka neno moja, mama, kulitosha: kazi yake yote ingetupwa, miaka ile ingetupwa, na angetoka pale hana mbele wala nyuma, mtafiti aliyemuingiza mzazi wake chumbani kwa siri Jumamosi. Akajiambia kwamba mama hakuwa mteja. Akajiambia kwamba ilikuwa mara moja tu. Akajiambia, na hili ndilo lililomfunga mdomo, kwamba kesho atamwita mganga nyumbani, kimya kimya, amlipe mwenyewe, yaishe.

"Binti?" mganga akamgeukia. "Umetaka kusema?"

"Hapana," akasema. "Wamekwisha."

Mganga alimtazama zaidi ya kawaida. Halafu akakishika kiti kwa mikono yote miwili akakipindua, miguu juu.

Upepo ulitoka chini ya sponji na kupita katikati yao ukielekea mlangoni, si upepo wa baridi wala wa moto bali wa uvuguvugu wa mwili, ukampita Profesa, ukampita Kicheko, na ulipofika kwa mtafiti ukasita, akausikia umesimama mbele ya uso wake kama mtu anayetaka kuhakikisha njia, kisha ukamzunguka taratibu, ukatoka, na mlango wa nje, ule mzito uliohitaji bega kuusukuma, ukafunguka na kujifunga. Seremala akavua kofia, akaikunja, akaliita jina la mkewe kwa sauti iliyowafanya wote wainamishe vichwa. Kicheko naye alikuwa analia na magongo yameanguka, analia mpaka ikawa kicheko, kicheko chake kilekile cha kijinga, na wenzake wakamkumbatia. Mtafiti hakuwahi kusikia kilio kizuri kama kile. Hakukaa kukisikiliza. Alikuwa ameshaanza kukimbia.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Sebule ilikuwa imefagiwa, viti viwili vimewekwa vikitazamana, si karibu sana wala si mbali, umbali uleule wanaofundishwa wanafunzi. Mama alikuwa ameketi kwenye kimoja, mgongo wima, kichwa kimeinama upande kidogo. Macho yake, yaliyokuwa tupu tangu Jumamosi, sasa yalikuwa na uangalifu mwingi. Nyumba nzima ilinuka nguo mbichi.

"Karibu," mama akasema. "Kiti hiki ni chako."

Alijua. Miguu ilimwambia akimbie, na alifika mpaka kizingitini. Lakini alikuwa amechoka, moyo umemchoka kuliko miguu, na aliyeketi pale alikuwa na sura ya mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa anamtazama yeye.

"Nimechoka, Mama," akasema, na sauti ikamkatika.

"Unasema umechoka."

"Nimefanya jambo baya."

"Unahisi umefanya jambo baya." Mama akalainisha uso, akangoja. Hakumtaja mtu mwingine. Hakupinda kona. Angeweza kungoja hivyo mpaka asubuhi.

Binti akakaa. Kiti kilikuwa na joto. Akaanza kueleza, kwanza kwa kugugumia, kisha maneno yakafunguka na kumiminika, kliniki, Profesa, lile neno moja aliloshindwa kulisema, chai zilizopoa, sura ya tatu, wivu, ndiyo, wivu wa mtu mzima kwa marehemu, na mama alirudia kila kitu kwa upole bila kumkatiza hata mara moja. Akahisi wepesi unaingia kifuani. Akataka kueleza habari za mdogo wake, kwamba naye alimpenda, kwamba hakuwahi kupewa nafasi ya kumlilia. Alipofika kwenye jina lake, alilitafuta mdomoni, akalikosa.

"Endelea," mama akasema. "Nakusikiliza."